Chaza Mwenye Jina la Mama

Jumatatu, 4 Machi

Baba amemaliza sanduku. Amelileta mezani tulipomaliza kula, amelifunga kwa taulo, akaliweka mbele yangu kisha akajifanya anatafuta miwani aliyokuwa ameivaa. Ni dogo, linaenea kwenye kiganja, mbao nyekundu iliyopigwa msasa mpaka inateleza, na ndani kuna kitambaa cheusi. Kifuniko kinashuka chenyewe polepole kwa sababu hewa haina pa kutokea.

"Sikiliza," akasema, akakifunga. "Umesikia? Hata pumzi haipiti."

Sijamwona Baba akishika randa tangu Mama afariki. Karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba hii hii, ukuta mmoja na chumba chao cha kulala, na Mama alikohoa mwaka mzima kabla hajalazwa. Daktari alisema kifua huharibika kwa mambo mengi, yeye hawezi kutaja moja. Baba hakuuliza tena. Baada ya mazishi aliuza mashine zote, akafunga kile chumba, na tangu hapo kazi yake ni kusikiliza redio na kubishana nayo.

Nilimkumbatia nikiwa nimelishika sanduku, kona ikamchoma ubavuni.

"Basi, basi," akasema. "Kwani lako? La mama yako hilo."

Alhamisi, 7 Machi

Niandike hapa mambo yalivyo, maana gazeti limeandika ovyo. Limeandika kwamba mtafiti wa makumbusho amegundua lulu, na majirani wawili wameshapita nyumbani kuomba waione.

Sikugundua lulu. Nimeandika, kwa mara ya kwanza duniani, maelezo ya chaza mmoja wa maji chumvi, mdogo kama ukucha wa kidole gumba, anayeishi kwenye matope ya fungu lililo mbele ya mdomo wa mto. Fungu hilo huonekana pale maji yanapotoka sana tu, wakati wa bamvua. Tulipata watatu. Wawili walikuwa wamevunjika. Wa tatu alikuwa mzima, magamba yote mawili, na maelezo yote ya kisayansi yameandikwa kwa kumtazama yeye. Huyo ndiye kielelezo. Mtu yeyote duniani akibisha, ataletwa mbele ya huyo.

Na kuna anayebisha. Chaza wangu anafanana mno na yule wa kawaida ambaye kila mtu humkanyaga ufukweni. Tofauti iko kwenye bawaba, pale magamba yanapoungana: wa kawaida ana meno mawili, wangu ana matatu, na la katikati limepasuka. Basi. Mtu mwenye akili zake anaweza kuishi mpaka uzee bila kujali meno hayo. Profesa mmoja mstaafu ameshaniandikia kwamba jino la tatu ni utoto tu, chaza akikua linapotea. Sisi humwita Profesa Sikubali kwa sababu kila makala yake huanza na neno hilo au jamaa yake. Anakuja katikati ya Mei kuliona jino kwa macho yake. Asiporidhika ataandika, na akiandika, jina nililompa chaza litafutwa.

Jina lenyewe ni la Mama, limewekewa mkia wa Kilatini. Mama hakuwahi kupanda ndege wala kuingia chuo, na sasa yumo kwenye maktaba za nchi ambazo hata mimi sijafika. Sitaki afutwe.

Jumanne, 12 Machi

Kielelezo kimeingia sandukuni. Mkurugenzi alipiga picha nalo, akalisifu mpaka nikaona haya. Bi Funguo, mtunza ghala letu, akalifungia kwenye kabati la chuma.

Jioni Baba kauliza, "Mama yako hajambo?" Ilinichukua muda kuelewa. Tukacheka wote wawili.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua imeanza. Viatu vimelowa.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Mto umegeuka rangi ya matofali na unamwaga tope lote juu ya fungu. Mpaka masika yaishe hakuna wa kukanyaga kule. Tuliye naye ndiye huyo huyo mmoja.

Baba: "Mama yako hajambo?"

Mimi: "Hajambo, anakusalimia."

Jumanne, 26 Machi

Siku mbaya.

Nilifungua sanduku ili nipige picha mpya za bawaba. Gamba lilikuwa na unga mweupe, mwembamba kama poda ya mtoto, umekaa kwenye mikunjo yote. Nilidhani ni ukungu. Niliugusa kwa ncha ya brashi, nikatazama kwenye darubini. Haukuwa ukungu. Lilikuwa gamba lenyewe linalosagika. Jino la katikati, lililokuwa na ncha mbili kali, sasa lina ncha butu, kama pipi iliyomung'unywa.

Na kabati lote lilikuwa linanuka siki.

Gamba la chaza ni chokaa, na chokaa haipatani na kitu chochote chenye ukali. Mtu yeyote wa kazi hii anajua. Na nani hapa hufuta rafu kwa siki kila masika ili kuzuia ukungu? Nilipandwa na hasira nikiwa bado nimeinama kwenye darubini. Nilimkuta Bi Funguo mapokezi anapanga miavuli ya wageni.

"Umefuta kabati langu kwa siki."

"Kabati lako? Mimi? Siki niliacha mwaka juzi, Daktari. Uliniambia mwenyewe."

"Kabati linanuka siki."

"Basi nenda ukamuulize aliyeimwaga."

Sikupenda jinsi alivyoniita Daktari. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi, na mkurugenzi, ambaye hapendi kelele, alimwita pale pale mbele ya wafanyakazi wote, akamwambia atakaa getini kukata tiketi mpaka jambo hili lieleweke. Bi Funguo aliuvua mkufu wa funguo shingoni. Ameuvaa miaka yote niliyomjua, umemwachia alama. Aliniwekea mkononi.

Nilisafisha gamba kwa brashi, nikalirudisha sandukuni, nikafunga kabati. Nilijiona nimetenda haki.

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

Jumanne, 2 Aprili

Mvua usiku na mchana. Paa la ukumbi wa ndege linavuja, ndoo zimepangwa chini ya mwewe.

Bi Funguo hanisalimii. Napita getini asubuhi nikisema habari za kazi, naye anahesabu vishina vya tiketi. Na ahesabu.

Jumatano, 3 Aprili

Baba amenunua msasa. Nimemkuta uani, chini ya bati, anasugua mguu wa kiti uliokuwa unacheza tangu enzi. Anaimba, na anaimba vibaya kama zamani. Niliingia ndani nikakaa kitandani kidogo, nimefurahi mpaka naogopa.

Jumanne, 9 Aprili

Siwezi kulala kabla sijaandika hili, ingawa ni saa moja tu ya jioni na Baba anadhani kichwa kinaniuma.

Unga umerudi. Mzito kuliko wa kwanza. Harufu ya siki ilinipiga usoni kabati lilipofunguka, na funguo zote ninazo mimi. Nazivaa shingoni. Hakuna mwingine aliyegusa mlango ule.

Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni. Kisha nikainamisha pua kwenye rafu ya juu: hamna kitu. Rafu ya chini: hamna. Nikafungua sanduku, nikanusa kile kitambaa cheusi.

Ni mbao.

Nilifundishwa hili. Naapa nililijibu kwenye mtihani. Mbao hupumua, mbao mbichi zaidi, na ikifungiwa kwenye unyevu pumzi yake huwa kali kama siki na hula chokaa. Ndiyo sababu makumbusho yetu yaliyatupa makabati ya mbao kabla sijaajiriwa, yakanunua ya chuma. Mtu wa nje angeniletea sanduku kama hili ningemshukuru, nikaweka kalamu humo. Hili lilitoka kwa Baba, limefungwa kwa taulo, nikaacha elimu yangu yote mlangoni. Na kwa vile Baba ni fundi kweli, kifuniko kinabana. Fundi mbovu angeacha upenyo na hewa ingetoka.

Nilimtoa palepale. Nimemweka kwenye kichupa cha kioo. Jino la katikati limebaki kidonda tu, mahali palipokuwa na kitu. Mengine mawili yapo, yamechakaa. Ukimtazama sasa ni chaza wa kawaida mwenye meno mawili.

Nilipofika nyumbani Baba alikuwa anakaza kile kiti.

"Mama yako hajambo?"

Nitamwambiaje? Nimwambie, Baba, umetengeneza kitu kwa mbao, ukamfungia Mama ndani, na hewa ya mbao imemla? Nimwambie hivyo mtu aliyefunga karakana kwa sababu anaamini, bila kumwambia yeyote, kwamba ndivyo alivyomwua mara ya kwanza? Hajawahi kulisema. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikifua mashuka, na kila asubuhi yalikuwa na vumbi jekundu.

"Hajambo," nikasema.

Jumanne, 16 Aprili

Nimemwomba Bi Funguo radhi. Mvua ilikuwa inanyesha kwa mshazari, nikasimama nje ya kidirisha cha tiketi, maji yananiingia kwenye kola. Nikamwambia siki haikuwa yake, nilimsingizia, anisamehe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Ulinisema mbele ya watu. Mpaka mfagiaji alikuwepo. Leo unakuja kuninong'oneza dirishani kama unakopa."

"Unataka nifanye nini?"

"Rudi pale pale uliposimama, useme hayo hayo, kwa sauti ile ile."

Ana haki, ndilo linaloniudhi. Lakini nikisema mbele ya watu kwamba siki si yake, wataniuliza ni ya nani. Na mlinzi wetu husali na Baba.

Nilimwambia nitalifikiria. Akavuta kidirisha.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua. Nimelifikiria. Sijafanya kitu.

Jumatano, 24 Aprili

Baba ameanza stuli. Ya kwangu, anasema, ya kukalia darubini, kwa sababu mgongo wangu umeanza kupinda kama wa bibi. Anafanyia kazi uani. Kile chumba bado kina kufuli. Ameuliza kama unyevu haujalegeza viungo vya sanduku. Nimesema limekaza kabisa. Hiyo angalau ni kweli.

Kila swali lake sasa nalisikia kabla hajaliuliza. Nachelewa kutoka kazini makusudi. Narudi nikiwa na jibu tayari mdomoni, na Baba ananitazama kidogo zaidi ya kawaida kabla hajageukia redio.

Alhamisi, 2 Mei

Nimesema. Kwenye mkutano wa wafanyakazi, baada ya habari za paa. Nilisimama na sauti yangu ikatetemeka, jambo ambalo halikuwamo kwenye mpango. Nikasema Bi Funguo hana kosa hata chembe, kosa ni sanduku, na kosa la sanduku ni langu kwa sababu mimi ndiye niliyetakiwa kujua. Nikawageukia wote, nikamtazama mlinzi hasa, nikasema, "Nawaomba, Baba yangu asisikie."

Mfagiaji ndiye aliyesema, "Tumesikia sisi, inatosha."

Nilimvisha Bi Funguo mkufu wake mwenyewe. Aliurekebisha ukakaa kwenye alama yake.

"Sasa habari za kazi," akasema.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua inapungua. Nimepiga picha zote upya, nimechora upya. Picha za kwanza za lile jino zipo, ni nzuri, lakini Sikubali haamini picha. Ameshaandika mara mbili kwamba darubini ya mtu ni macho ya mtu.

Jumanne, 14 Mei

Amekuja. Nilimtarajia mtu mrefu. Ni mzee mfupi mwenye soksi za rangi tofauti, akaomba maji ya moto matupu, akaketi kwenye stuli ya Baba.

Nilimwambia kabla hajainama kwenye darubini kwamba kielelezo kimeharibika, ili asidhani nimemficha kitu. Alitazama muda mrefu. Bi Funguo alisimama mlangoni, mikono kifuani, kama askari wa zamu.

"Jino la katikati liko wapi?"

"Limeliwa, Profesa."

"Na nini?"

"Na sanduku."

Aliinua kichwa. Nilisubiri kashfa. "Wangu waliliwa na panya," alisema. "Kreti nzima. Panya hawali gamba, lakini vibandiko vya majina walikula vyote, nikabaki na mamia ya konokono wasio na kwao." Akanywa maji yake. "Hapa naona kovu. Kovu linaweza kuwa la jino, linaweza kuwa la mkwaruzo. Sikubali."

Nilijua atasema, na bado liliniuma.

"Ila sitaandika kitu kwa sasa," akaongeza. "Fungu litatoka masika yakiisha, sivyo? Niletee mwingine. Mkubwa, mwenye matatu. Kufikia mwisho wa mwaka, bila mwingine, nitaandika, na usinichukie."

Nilimwambia sitamchukia. Sina uhakika.

Jumapili, 19 Mei

Jua. La kwanza kwa wiki nzima.

Baba alikuwa ameniagiza tangu Ijumaa nilete sanduku alipake mafuta, maana mvua imekwisha na mbao itaanza kukauka. Nilitafuta sababu nikakosa. Nikalileta tupu, na uongo wangu juu yake: mgeni bado anamchunguza Mama, yuko chini ya darubini.

Alikaa uani na kitambaa cha mafuta mapajani. Akafungua kifuniko, akainama, akanusa, jinsi mtu anavyonusa maziwa anayoyashuku. Akabaki vile vile ameinama. Nilikuwa nimesimama na beseni la nguo na sikuweza kuliweka chini.

"Siki," akasema.

Akanusa tena.

"Karakana ilikuwa inanuka hivi asubuhi, kabla sijafungua dirisha. Mama yako alikuwa akilalamika. Namwambia, hiyo ni harufu ya pesa." Alifunga kifuniko, kikashuka taratibu kama siku ile. "Lile gamba ni chokaa, sivyo? Ulinieleza ulipokuwa unasoma. Ulilitia kwenye ndimu hapa mezani, likatoa povu, mama yako akacheka."

"Ndiyo, Baba."

"Umemtoa lini?"

"Baba, mgeni—"

"Nakuuliza lini, mama."

"Mwezi wa nne. Siku niliyojua."

"Siku ile ile?"

"Dakika ile ile."

"Alikuwa ameumia?"

"Jino la katikati limekwenda. Mengine yapo." Nilianza kulia, na nikiwa nalia nikaanza kueleza kwamba ni kosa langu, nilisoma, nilipaswa kujua, yeye hakuwa na namna ya kujua. Aliinua mkono ninyamaze. Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anatazama mlango wenye kufuli.

"Ulimtoa," akasema.

"Nilimtoa."

"Basi safari hii kuna aliyemtoa."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya misumari. Kisha akachukua taulo kwenye beseni langu, akanipa nijifute.

Jumatatu, 20 Mei

Hakuuliza hali ya Mama leo. Nilimsubiri aulize.

Jumamosi, 25 Mei

Nimeamshwa na nyundo. Nilitoka mbio nikidhani kuna mtu anavunja nyumba, na kweli alikuwa anavunja: Baba kang'oa kufuli la karakana na anatoboa ukuta wa upande wa uani. Amejaa vumbi mpaka kope.

"Dirisha la pili," akasema. "Upepo uingie huku utokee kule. Usisimame hapo, utakohoa."

Jumamosi, 8 Juni

Bamvua. Fungu limetoka, pana, linang'aa kwa tope jipya. Tulikwenda watatu: mimi, Bi Funguo aliyefunga khanga kiunoni na funguo juu yake, na Baba, ambaye hajakanyaga tope tangu ujana na alilalamika njia nzima.

Ametengeneza chekecheo, fremu ya mbao ile ile nyekundu yenye wavu chini. "Hii itakaa nje na upepo," alisema aliponipa. "Haitamdhuru mtu."

Tulichekecha mpaka viuno vikakataa. Bi Funguo anachota, mimi nasuuza, Baba ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa na lenzi yangu jichoni, anakagua bawaba za magamba matupu moja moja.

"Mawili," anasema, analirusha. "Mawili. Mawili. Hili limevunjika. Mawili."

Saa nzima ni hayo tu. Maji yalipoanza kurudi yakatufika vifundoni, Bi Funguo akasema twende, na mimi nikasema twende. Baba hakuinuka. Alikuwa bado na konzi ya magamba mkononi.

"Mawili," akasema. "Mawili." Akafika la mwisho, akaligeuza upande wa jua, akaligeuza tena, akatikisa kichwa na kulitupa majini. Nikamshika mkono nimwinue.

"Mama yako hajambo?" akaniuliza.

"Ana jino moja pungufu, Baba. Yuko kwenye kioo. Nilimtazama jana, hakuna unga."

Akaitikia kwa kichwa. Akabeba chekecheo mwenyewe.

"Kesho maji yanatoka saa ngapi?"